Maswali ya Wasomaji: Mteja Haoni, Notari Ana Kurasa 140 Mkononi

Toleo lililopita niligusia kidogo kuhusu sisi manotari wa huku Marekani (watu wenye kibali cha jimbo cha kuthibitisha saini kwenye hati) tunaozunguka majumbani kusainisha mikopo ya nyumba, nikasema kwa kupita tu kwamba mteja asiyeona anahitaji muda zaidi. Kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimekuja kutoka kwa manotari, kutoka kwa wasioona wenyewe, na mmoja kutoka kwa mtu aliyetaka kujua kama atalipwa zaidi. Nimechagua hizi.

SWALI: Dada habari za kazi. Nimepata komisheni, yaani kibali, ya unotari Florida mwaka huu na nimeanza kupokea kazi za mikopo. Jumanne ijayo nimepangiwa mzee na mkewe wanarifainansi nyumba yao (mkopo mpya wa kulipa ule wa zamani), kwenye oda ejensi wanaonipa kazi wameandika kamstari kamoja tu kwamba mkopaji haoni, basi. Nimewapigia wananiambia we nenda tu mkewe atamsomea. Sasa huyo mke naye anasaini mkopo huohuo. Na mkono wa mzee nitaushika nimuelekeze au vipi? Mashahidi je, wanatakiwa? Isije nikaharibu mkopo wa watu na komisheni yangu ikaenda na maji. (Notari mpya, Tampa)

Mdogo wangu, hiyo "mkewe atamsomea" isahau kabisa. Florida ni moja ya majimbo machache yaliyoandika jambo hili kwenye sheria waziwazi, kifungu cha 117.05, kwamba notari anaweza kuthibitisha saini ya mtu asiyeona baada ya notari kumsomea hati yote. Anayesoma ni notari, na anasoma hati yote. Mke hayumo, binti hayumo, na muhtasari wa "hii ni rehani ya kawaida tu mzee" haumo. Hao wa ejensi inawezekana wako jimbo lingine wanapanga kazi za nchi nzima kwa simu, hawajui, lakini komisheni ni ya kwako sio ya kwao.

Ila usiogope, hulazimiki kusoma kurasa zote 140. Sheria inazungumzia hati ile unayoithibitisha. Kwenye pakiti ya mkopo hati ya ahadi ya kulipa kwa kawaida haithibitishwi, inasainiwa tu. Inayothibitishwa ni hati ya rehani yenyewe, na viapo vidogo viwili vitatu kama kile cha kusema majina yote yaliyoandikwa ni ya mtu huyohuyo. Hivyo vidogo ni dakika chache. Rehani ndo kazi, manake ile fomu ya kawaida inaenda kama kurasa 15 mpaka 20 za maandishi yaliyobanana, na ukiisoma kama binadamu anayetaka asikike, sio kama mnadishaji, ni zaidi ya saa nzima. Kwa hiyo leo hiihii piga simu, waambie apointimenti haitachukua saa moja, itachukua saa tatu nzima, na waambie kwa maandishi. Beba maji ya kunywa, mimi koo langu lilishawahi kukauka nikiwa kwenye kipengele cha bima ya nyumba.

Sasa hizo kurasa nyingine zilizobaki? Sheria ya unotari haikulazimishi kuzisoma lakini mzee anazisaini na anabanwa nazo miaka 30, kwa hiyo swali ni yeye atazijuaje. Hapo umpigie mapema. Umpigie YEYE, sio mke. Muulize anasomaje mambo yake ya kila siku, atakwambia mwenyewe. Wengine wanasoma breli, wengine wana kisoma skrini kwenye kompyuta au simu kinachowatamkia maandishi, wengine wanaona kidogo. Watu wengi hawajui hili: hapa Marekani mtu anahesabiwa haoni kisheria akiwa na uoni wa 20/200 au chini yake (anachokiona kwa futi 20 mwenye macho mazima anakiona kwa futi 200) kwenye jicho lenye nafuu hata akivaa miwani, au akiona eneo la nyuzi 20 tu mbele yake, na wengi wa waliomo humo wana mwanga fulani. Kwa mtu kama huyo unaweza kukuta tatizo lote linaisha kwa taa ya mezani na peni nene nyeusi. Usipouliza utaenda na mbwembwe za bure.

Na mkumbushe kuhusu ile taarifa ya mwisho ya gharama za mkopo, zile kurasa tano zenye riba, malipo ya kila mwezi na hela anayotakiwa kuja nayo. Tangu Oktoba 2015 mkopeshaji lazima ahakikishe imemfikia mkopaji angalau siku tatu za kazi kabla ya kusaini. Siku tatu hizo kwa mtu asiyeona ni dhahabu, kama faili limekuja la maandishi. Tatizo wanaskani karatasi wanatuma picha, basi kisoma skrini kikifika pale kinasema ni picha kinanyamaza. Mwambie amwandikie afisa mikopo wake aombe faili la maandishi linalosomeka. Hiyo ni haki yake, wala asione haya.

Kuhusu mkono, nikwambie ya kwangu, aibu ni yangu mwenyewe. Miaka ya mwanzo nilienda kwa mama mmoja haoni kabisa, anarifainansi. Nikaanza na daftari langu la kumbukumbu, nikamshika kiganja na peni yake nikampeleka kwenye mstari. Akautoa mkono taratibu akasema, "Mkono ninao mwenyewe, wewe nionyeshe mstari uko wapi." Akatoa kwenye pochi kiplastiki saizi ya kadi ya benki chenye uwazi mrefu katikati. Nikakiweka, ukingo wa chini wa uwazi ukae juu ya mstari, akapitisha kidole cha shahada cha kushoto kutoka mwanzo mpaka mwisho wa uwazi kujua upana wake, akakiacha kidole pale mwisho kama kituo, akasaini mpaka peni ikakigusa. Saini nzuri kuliko ya kwangu. Nimenunua vyangu vitatu, viko kwenye begi, bei yake haifiki hata ya wino wa printa.

Halafu mama yule akaniambia kabla hajasaini kingine nimsomee namba. Alikuwa na kadi ya breli mapajani, nikitaja namba vidole vinapita. Kiasi cha mkopo, sawa. Muda, sawa. Nikafika kwenye riba nikasoma sita nukta nane saba tano. Vidole vikasimama. "Rudia." Nikarudia. Akasema mimi nimeambiwa sita nukta sita mbili tano. Hapo ndo inabidi ujue mipaka yako, manake mdomo unawasha kusema "labda walibadilisha kwa sababu hii na ile". Usiseme. Notari asiye mwanasheria haruhusiwi kueleza mkopo wala kushauri, kazi yako ni kusoma kilichoandikwa na kuonyesha kiko wapi. Nikampigia afisa mikopo nikaweka spika, wakaongea wenyewe. Kosa lilikuwa la kwao. Nikarudi nyumbani na pakiti nzima haina saini hata moja, nikalipwa hela ya safari tu, na nilirudi wiki iliyofuata na pakiti mpya. Mpaka leo najiuliza ni wangapi wenye macho yao mazima walisaini mbele yangu bila kuangalia ile namba.

Mashahidi: Florida haidai shahidi eti kwa sababu mtu haoni. Mashahidi wawili wanaingia pale mtu anaposaini kwa alama, ile X, au anapokuagiza wewe usaini jina lake kwa sababu mwili haumruhusu. Mzee anayeshika peni akaandika jina lake amesaini kama mtu mwingine yeyote. Kama fomu yenyewe ina mistari ya mashahidi hilo ni la fomu, litakuwepo hata kwa mtu anayeona.

Daftari la kumbukumbu Florida haikulazimishi kwa kazi za ana kwa ana, lakini kuwa nalo, na siku hiyo andika kwamba hati umeisoma yote, umeanza saa ngapi, umemaliza saa ngapi. Ukisoma mzee akikwambia "inatosha, naielewa", mjibu kwa heshima kwamba sheria inataka uimalize, endelea. Ndo maana saa tatu. Na ukiongea, sema unachofanya: "nageuza ukurasa", "naweka kadi kwenye mstari", "nanyanyuka kuchukua stempu". Kimya cha ghafla na makaratasi yanakwaruza ni kitu kibaya kwa mtu anayesainishwa deni.

Cha mwisho kwako, hii ni refainansi ya nyumba wanayoishi, kwa hiyo wana ile haki ya kughairi mpaka usiku wa manane wa siku ya tatu ya kazi. Jumamosi inahesabiwa, Jumapili na sikukuu za serikali kuu hazihesabiwi. Wakisaini Jumanne na wiki haina sikukuu, mwisho ni Ijumaa usiku wa manane. Kila mmoja anapewa kopi mbili za notisi. Tarehe isome kwa sauti, na kama mzee anataka kujirekodi kwenye simu wakati unasoma mwachie ajirekodi.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mama wa miaka 61, macho yalizimika kwa glakoma, nimekuja Chicago zamani sana na nyumba hii nimeilipia mwenyewe. Mwezi uliopita alikuja notari kijana, muda wote anaongea na mwanangu wa kiume, "mwambie mama asaini hapa", "mama anaelewa?", mimi nimekaa palepale. Mwishowe akasema nigonge dole gumba na X, na safari nyingine nije na pawa of atoni mwanangu asaini badala yangu. Mwanangu sio mkopaji! Nilisaini hiyo X kwa hasira. Ni sheria au ni ushamba? (Mama wa Chicago)

Shikamoo mama. Ni ushamba, na tena ameruka sheria iliyopo. Illinois nayo imeandika kwamba notari asipokee ukiri wa saini (mtu kukiri mbele yake kwamba saini ni ya kwake) ya mtu asiyeona mpaka amsomee hati. Amsomee mwenye hati. Hujasema kama alikusomea, na jinsi ulivyoandika nahisi hakukusomea.

X ni ya mtu asiyeweza kuandika jina lake. Wewe unaandika, umeandika miaka yote, saini yako ni hiyohiyo hata kama imepanda juu ya mstari au imeshuka. Dole gumba kuna jimbo kama California ambako notari analichukua kwenye daftari lake kwa hati za nyumba, lakini hapo linachukuliwa kwa kila mtu, halichukuliwi eti kwa sababu ya macho. Na hati ya uwakala, hiyo pawa of atoni, ni ya mtu anayetaka mwingine amsimamie, mtu akitaka. Kukuambia kwamba bila hiyo huwezi kukopa ni kukuambia kwamba huna akili timamu kwa lugha ya mzunguko. Samahani nimekasirika kuliko wewe.

Sasa la kufanya. Mwandikie mkopeshaji, sio huyo kijana, ueleze kilichotokea na uombe hati zilizosainiwa zikaguliwe na kampuni ya hatimiliki, ile inayohakiki umiliki wa nyumba, manake X mahali ambapo saini yako halisi ingewezekana inaweza kuja kuleta maswali siku ya kuuza, na kuisaini upya sasa hivi ni rahisi kuliko baadaye. Kwenye barua taja sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990. Benki na ofisi za huduma zinatakiwa kuwasiliana na wewe kwa njia inayofika kweli, iwe msomaji anayejua kazi, breli, maandishi makubwa au faili la kompyuta, na gharama ya hiyo njia hawaruhusiwi kukubandika wewe. Taja na sheria ya haki ya makazi, ambayo tangu 1988 inakataza ubaguzi wa ulemavu mpaka kwenye mikopo ya nyumba. Wakijifanya hawasikii, malalamiko ya sheria hiyo ya makazi yanapelekwa wizara ya nyumba ya serikali kuu, una mwaka mmoja tangu siku ya tukio, usiache mpaka ukapita.

Na safari nyingine, mama, siku ileile unayojaza maombi ya mkopo andika kwamba huoni na unataka hati kwa njia gani. Usingoje notari afike mlangoni, hapo wote mnakuwa na presha na pakiti imeshaprintiwa. Kijana wako akiwepo mwambie akae chumba kingine au anyamaze tu, notari akimgeukia atajikuta anaongea na ukuta.

(Kuna waliosema mbona toleo lililopita sikutumia neno kipofu, nimekuwa mzungu. Hapana. Wasioona wenyewe niliowauliza, wengine hawalijali neno hilo, wengine linawakera, mimi nimechagua lisilomkera yeyote. Tuendelee.)

SWALI: Niko Houston, sioni tangu kuzaliwa, kompyuta natumia kila siku kazini na kisoma skrini bila shida yoyote. Mkopeshaji kasema tusaini kwa video na notari wa mtandaoni, nikafurahi nikajua mambo yamekuwa rahisi. Mfumo umenitupa nje mara mbili kwenye maswali ya kujitambulisha, ati muda umeisha. Majibu nilikuwa nayajua! Nifanyeje? (K.)

K., pole, hilo halijakutokea peke yako na sio uzembe wako. Texas imeruhusu notari wa mtandaoni tangu Julai 2018, na kanuni yao ya yale maswali ya historia yako inataka yasipungue matano, kila moja na majibu matano ya kuchagua, yote yajibiwe ndani ya dakika mbili na upate asilimia 80. Piga hesabu: majibu 25 ya kusikiliza kwa sekunde 120, hata sekunde tano kwa jibu hazifiki, na hapo hujasikiliza maswali yenyewe wala kubonyeza. Mwenye macho anatupa jicho mara moja amemaliza. Aliyetunga hakukuwaza, ndo hivyo.

Njia fupi ni kuomba notari wa ana kwa ana. Kwenye meza unatoa kitambulisho chako, notari anakiangalia, yameisha, hakuna maswali ya mtaa ulioishi mwaka gani. Ukishakuwa na faili la maandishi umelisikiliza nyumbani kwa spidi yako mwenyewe, na kuna watu wanasikiliza kwa spidi ambayo mimi nasikia kama redio iliyoharibika, basi mezani inabaki kusaini na kuulizia mawili matatu. Halafu mwambie mkopeshaji kwa maandishi kwanini umeukataa mtandao, wapate kujua.

Ila kama huu ni mkopo wa kuchukua hela kwa thamani ya nyumba ambayo tayari ni yako, sio wa kununua, katiba ya Texas inataka ufungwe kwenye ofisi ya mkopeshaji, ya mwanasheria au ya kampuni ya hatimiliki. Notari wa kuja sebuleni hapo hayumo. Uliza ni mkopo wa aina gani kabla hujapanga usafiri.

SWALI: Kama nimekaa saa nne badala ya moja kwa sababu mteja haoni si halali nimtoze mteja hela kidogo zaidi? Muda ni pesa dada. (Hakutaja jina)

Kumtoza mteja, hapana. Ada ya unotari imewekwa na jimbo, Florida kwa mfano haizidi dola 10 kwa tendo moja la ana kwa ana, na ulemavu wa mtu haumwongezei ada. Lakini hela yako ya kazi nzima unaelewana na ejensi au kampuni ya hatimiliki, hao unaweza kuwaambia mapema "hii ni ya saa tatu, bei yangu ni hii", wakikataa iache. Wengi hawakatai. Ukinyamaza ukaja kudai jioni, hapo umechelewa.

SWALI: Nikimaliza naacha kopi za karatasi kama kawaida? Si ni kazi bure, hasomi. (Notari, Maryland)

Unaacha, ni zake. Sio kila karatasi anaisoma yeye, nyingine mhasibu wake, nyingine mwanasheria. Lakini usimwachie rundo. Notisi ya kughairi iweke juu kabisa kwenye bahasha yake peke yake ukate pembe moja ya bahasha aijue kwa kidole, hati ya ahadi ibane na klipu kubwa, rehani ifunge na raba bendi, mweleze ipi ni ipi azishike mkononi mwake moja moja ukiwa bado upo. Na muulize anataka aziweke wapi, halafu ziweke hapohapo, sio pale unapoona wewe pamekaa vizuri.